Steringi Anakufa, Muvi Ndiyo Kwanza Inaanza

Sheria ya muvi anaijua hata mtoto wa darasa la pili: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atakula risasi ya bega, lakini mwisho utamwona anainuka na kujipangusa vumbi. Sasa kaeni mkao wa kula, maana nimetoka kuangalia Aníkúlápó, filamu ya mwongozaji wa Nigeria Kunle Afolayan, na humo steringi anakufa kweli. Tena kifo cha aibu: anapigwa hadi roho inatoka kwa kosa la kulala na mke wa mfalme, na maiti yake inaachwa porini. Halafu anatokea ndege.

Jamani, huyo ndege! Anaitwa Akala, na katika simulizi hii ndiye mwenye siri ya kufufua wafu, siri iliyofichwa ndani ya kibuyu. Ametengenezwa kwa kompyuta, na kuna mahali kompyuta yenyewe inaonekana. Sijali hata kidogo. Nilikuwa nimesimama mbele ya skrini, mikono kichwani.

Niwape kisa, ila sitawamalizia. Saro, anayechezwa na Kunle Remi, ni mfumaji aliyeingia Oyo ya karne ya 17 kutafuta riziki. Riziki anaipata, na ya ziada juu: anapendwa na Awarun, jimama lenye fedha zake. Huyu ni Sola Sobowale, na akiingia yeye wengine wote wanageuka samani. Saro haridhiki. Anajipenyeza mpaka kwa Arolake, mke mdogo wa mfalme, ambaye Bimbo Ademoye anamcheza kwa macho zaidi kuliko kwa maneno. Ni Arolake anayemfuata Saro alikofia, ni yeye anayemtimua ndege, na hivyo kibuyu kinabaki kwao. Wanakimbilia kijiji cha mbali, na kijana aliyekuwa hana mbele wala nyuma anakuwa bwana mkubwa anayefufua maiti za watu na kutaja malipo. Wake wanaongezeka. Kiburi kinaongezeka. Na Arolake, aliyemrudishia uhai, anasogezwa pembeni ya nyumba yake mwenyewe. Hapo nikaanza kumzomea Saro kwa sauti, peke yangu sebuleni.

Filamu nzima inasemwa Kiyoruba, maandishi ya tafsiri yanapita chini, na baada ya muda mfupi unasahau kwamba unasoma. Kuna masoko, kuna baraza la mfalme lenye wazee wanaojua kukaa kizee, kuna nguo ambazo ungetamani kuzishika. Inazidi saa mbili na dakika ishirini. Ilitoka Netflix Septemba 30, 2022, na mwaka uliofuata ikabeba tuzo ya filamu bora ya jumla kwenye AMVCA, zile tuzo za Africa Magic zinazopigiwa kura na watazamaji. Haki yake kabisa!

Basi nikashindwa kulala. Mtu aliyefanya hivi alianzia wapi? Nikaanza kurudi nyuma, filamu moja baada ya nyingine, na kadiri nilivyorudi ndivyo nilivyozidi kuona kwamba Afolayan amekuwa akisimulia jambo moja maisha yake yote. Watu wanapewa kitu ambacho hawakukitolea jasho, wanakula, wanasaza, halafu mwenye mali anakuja kudai.

Ushahidi wangu wa kwanza ni The Figurine ya mwaka 2009, ambayo kwa jina la Kiyoruba inaitwa Araromire. Marafiki wawili wako mafunzoni, katika lile jeshi la vijana ambalo wahitimu wa vyuo Nigeria hulitumikia mwaka mmoja, wanaokota sanamu ya mungu wa kike kwenye kibanda kilichotelekezwa msituni. Anayeigusa anapata miaka saba ya neema. Biashara inanyooka, ndoa inapatikana, watoto, nyumba, magari. Kisha inakuja saba mingine, na hiyo ndiyo ya malipo. Ramsey Nouah anacheza rafiki mmoja, Afolayan mwenyewe anacheza mwingine, na kati yao yuko Omoni Oboli, mwanamke ambaye wote wawili wana la kusema naye. Wabongo mnamkumbuka Ramsey; ndiye yule aliyecheza na marehemu Steven Kanumba kwenye Devil Kingdom. Humu amepewa nafasi ya kunyamaza, na ukimya wake unatisha kuliko kelele zote. Uzuri wa mwandishi Kemi Adesoye ni kwamba hakwambii kama ni mungu anayefanya yale au ni binadamu mwenye kinyongo. Nimebishana na nafsi yangu mpaka sasa naandika. Filamu hiyo ilizoa tuzo tano za AMAA, tuzo za akademia ya filamu za Afrika, mwaka 2010, ikiwemo ya filamu bora.

Kumbukeni ilikuwa zama gani. Tangu filamu ya Living in Bondage ya mwaka 1992, Nollywood, yaani tasnia ya filamu ya Nigeria, ilikuwa ni kasi: kamera ya video, siku chache, kaseti au sidii sokoni, kesho nyingine. Hizo ndizo zilizofika kwenye vibanda umiza vyetu na kutuliza. Afolayan akaja na filamu ya kutazamwa kwanza kwenye jumba la sinema, iliyopigwa bila papara, yenye picha ambazo mtu ametulia akazipanga.

Na hakutokea hewani. Baba yake, Adeyemi Afolayan, maarufu kama Ade Love, alikuwa mtu wa tamthilia za kusafiri za Kiyoruba, kisha akatengeneza filamu za mkanda halisi wa seluloidi miaka ya 1970 na 1980. Kadara, ya mwaka 1980, ni ya kwake. Alifariki mwaka 1996. Mwana akawa mfanyakazi wa benki! Lakini mwongozaji Tunde Kelani akampa nafasi ya kuigiza katika filamu yake Saworoide ya 1999, na mwaka 2005 akaiaga benki, akaenda kusomea filamu New York, akarudi na Irapada mwaka 2006. Anaongoza, anazalisha, anatafuta fedha, mara nyingine anaigiza. Ukiwa mtoto wa Ade Love umepewa jina bure, na jina nalo lina wadai wake.

Sasa twende October 1, ya mwaka 2014. Hii, kwangu mimi, ndiyo inayoitikisa Aníkúlápó kwenye kiti. Ni mwaka 1960, zimebaki siku chache Nigeria ipate uhuru, na katika mji mdogo wa Akote wasichana wanauawa mmoja mmoja. Mkoloni anamtuma Inspekta Danladi Waziri, Mhausa kutoka kaskazini, amalize kesi kabla bendera haijapanda. Marehemu Sadiq Daba ndiye Waziri: kofia, uchovu, na uso wa mtu aliyeona mengi. Alipata tuzo ya AMAA ya mwigizaji bora, na ukimwona utajua kwa nini. Wanasema Kiingereza, Kiyoruba, Kihausa, Kiigbo, na kila lugha inabeba shaka yake juu ya jirani. Mwandishi Tunde Babalola amechomeka humo nafasi ya kusoma ya bure, zawadi ya padre kwa vijana wenye akili. Bure? Subirini muone. Muuaji utamshuku mapema, lakini kwa nini anaua ndiko kulikonimaliza.

Zingine nazipitia haraka. Phone Swap ya mwaka 2012 ni kichekesho safi: wawili wanabadilishana simu bila kujua uwanja wa ndege, mwanamke anaishia Abuja na bwana mkubwa anaishia kijijini kwa watu, asiyejua hata kuoga kwa ndoo. Matangazo ya wadhamini yamejaa, tusidanganyane. The CEO ya 2016 inawafungia mameneja wa kampuni ya simu hotelini pwani wagombee kiti kimoja, huku Angélique Kidjo akiwachezesha. Humo yumo Mkenya Peter King Nzioki, na uzinduzi wake ulifanyika angani, ndani ya ndege ya Air France kutoka Lagos kwenda Paris. Nani mwingine angethubutu? Mokalik ya 2019 inakaa siku nzima gereji na mtoto wa watu wenye nazo aliyepelekwa kujifunza ufundi. Ni ndogo, tamu, na haina haraka. Citation ya 2020, juu ya mhadhiri anayemwandama mwanafunzi wake, ina jambo zito na Jimmy Jean-Louis mtamu wa kutisha, ila imerefushwa mpaka nikaanza kuhesabu majengo ya chuo. A Naija Christmas? Pilau la sikukuu, umekula umesahau.

Ijogbon ya 2023 sikuitegemea kabisa. Vijana wanne wa kijijini wanaokota kifuko cha almasi. Mshaijua hesabu! Neema imeokotwa, na wenyewe wako njiani. Safari hii wanaolipa ni watoto, na Afolayan anawaacha wacheke kwanza, jambo linaloumiza zaidi.

Kibuyu nacho hakijaisha. Machi 1, 2024 ukaja mfululizo wake, Aníkúlápó: Rise of the Spectre. Naona umetanuliwa kupita mwili wake, lakini Sobowale yumo, na mimi nitaangalia Sobowale hata akisoma orodha ya sokoni. Na huko Igbojaye, jimbo la Oyo, Afolayan amejenga kijiji kizima cha kupigia filamu, nyumba za udongo na ua zake, kwa ajili ya hadithi hizi za zamani. Kwa hiyo ametia mali yake ardhini, mwenyewe.

Mnaoanza leo, anzeni na October 1 usiku, mkiwa wawili. Kesho yake The Figurine. Aníkúlápó iwekeni Jumamosi, simu zikiwa chumba kingine, na atakayemtetea Saro mbele yangu aje na hoja.