Juu ya Ubao wa Mapato na Matumizi

Yako maandiko katika nchi yetu yaliyotundikwa mbele ya macho ya watu, wala hayasomwi. Katika hayo twauhesabu ubao wa mapato na matumizi. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, shule ziliagizwa kuuweka mahali pa wazi, ili wazazi wajue ni fedha gani imepokelewa na imefanya kazi gani. Zahanati nazo zina mbao zao. Leo twataka kuupima ubao huo kama mtu apimavyo kitabu: je, mwandishi wake asema yote yapasayo kusemwa, na msomaji aweza kufahamu? Wako watakaocheka kwamba hili si andiko la kupimwa. Sisi twaona kwamba katika vijiji vya Masasi na Newala ni machache yanayogusa maisha ya mtoto na ya mgonjwa kama hilo.

Mara nyingi ubao huwa na mistari michache tu: fedha iliyopokelewa, ukarabati, vifaa, mengineyo, baki. Neno hilo "mengineyo" ndilo tunalolilalamikia kwanza. Ni neno la mtu aliyechoka, au la mtu asiyetaka kuulizwa, na msomaji hana njia ya kujua ni yupi kati ya hao wawili. Tena fedha yenyewe si nyingi hata ihitaji pazia. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kila mwanafunzi wa shule ya msingi aliwekewa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibakizwa serikalini kwa kununua vitabu, na 6,000 zikaja shuleni. Basi shule ya watoto 400 ilipata shilingi 200,000 kwa mwezi, kwa chaki, karatasi za mitihani, mipira, na dirisha lililovunjika. Wakati huo huo mwalimu mkuu aliwekewa posho ya madaraka, nayo pia ilikuwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Hatumwonei kijicho, maana kazi yake ni nzito. Twaziweka hesabu hizo mbili kando kando ili msomaji azitazame mwenyewe.

Walakini tusimhukumu mwalimu mkuu kwa haraka. Alipataje ukuu wake? Alifundisha hesabu vizuri miaka kumi, watoto wake wakashinda, kisha akaletewa barua. Tangu siku ile yampasa kuandika leja, kugawa kazi, kuonya mlevi, kupatanisha walimu wawili wasiosemezana, na kuongoza mkutano wa wazazi wenye hasira. Ni nani aliyemfundisha hayo? Kipo chuo cha kufundisha uongozi wa elimu, kiko Bagamoyo, nacho kilianza mwaka 1979. Lakini kutoka Newala hata Bagamoyo ni safari, na si kila aliyepewa barua hupewa na nauli ya kwenda kujifunza. Mganga mfawidhi wa zahanati hali yake ni hiyo hiyo. Yeye alisoma homa, vidonda na uzazi. Kisha, tangu mwaka wa fedha wa 2017/18, fedha za mfuko wa afya ambazo kwanza zilishikwa na halmashauri ya wilaya zikaanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati yake. Jambo hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini mtu aliyekabidhiwa fungu la fedha pasipo kufundishwa kulitunza amepewa mtego pamoja na heshima.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Padre Cecil Majaliwa, aliyepewa upadre mwaka 1890, wa kwanza kati ya Waafrika wa misheni ile, aliachiwa kituo cha Chitangali, naye akakiongoza na kukikuza. Mwaka 1897 akarudi Unguja. Baadaye, vita ya 1914 ilipoanza, Wadachi waliwafunga Waingereza wa misheni, na mapadre na walimu Waafrika wakabaki na makanisa na shule mikononi mwao. Uwezo ulionekana wazi. Vita ilipokwisha na Wazungu waliporudi, ukubwa ulirudi kwao, na walioshika kazi katika miaka ya taabu wakawa wasaidizi tena. Twalikumbusha hili kwa kuwa watu wengine hudhani uongozi ni kipawa cha kuzaliwa nacho, na kwamba penye upungufu ni kwa sababu watu wetu hawana kipawa. Kipawa kilikuwapo. Kilichokosekana ni desturi ya kumwandaa wa pili kabla wa kwanza hajaondoka, na desturi hiyo haipo hata sasa. Mwalimu mkuu akihamishwa, hesabu huhama pamoja naye kichwani mwake.

Na wasomaji wa ubao, je? Shule ina kamati, na zahanati ina kamati yake ya usimamizi, nazo zina haki ya kuuliza. Lakini mkutano ukiitishwa wakati wa korosho, watu wako mashambani. Na wanaofika husema, "Mwalimu ndiye ajuaye," wakatia sahihi. Hiyo si adabu. Adabu ni kuuliza kwa upole na kungoja jibu.

Twatoa mfano mmoja wa mambo ambayo ubao hauyasemi. Huku juu uwandani maji ni shida tangu zamani. Chemchemi ziko chini ya mteremko, na mvua ndiyo tegemeo la wengi. Zahanati moja, ambayo hatutaitaja, ina tangi kubwa la kukinga maji ya bati. Mlizamu ulianguka. Mganga alisema ni kazi ya kijiji, kijiji kikasema ni kazi ya wilaya, na mvua za msimu mzima zikamwagika chini huku wanawake wenye uchungu wa kuzaa wakiletewa maji kwa ndoo na ndugu zao. Ubaoni kulikuwa na baki, tena baki iliyotosha kununua mlizamu na kumlipa fundi. Hesabu ilikuwa sahihi hata senti ya mwisho, lakini habari kubwa kuliko zote haikuandikwa popote.

Kwa hiyo twapenda ubao uongezwe safu moja, yenye kichwa "Tulichokosa": dawa iliyokwisha na siku ilipokwisha, dirisha lisilotengenezwa, mlizamu, na jina la cheo cha yule apasaye kulitimiza. Na mahali pa "mengineyo" paandikwe vitu vyenyewe, hata kama ni kufuli moja na mafuta ya taa. Tena utundikwe nje, barazani. Mbao nyingine tulizoziona zimetundikwa ndani ya ofisi, nyuma ya mlango, na ofisi hufungwa kabla watu hawajarudi kutoka mashambani.