Ajabu na Msuko: Msomaji wa Kiswahili Mbele ya Nagona

Mara nyingi hudaiwa kwamba Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi humtatiza msomaji kwa sababu ya fantasia. Dai hili halina mashiko. Msomaji huyo huyo aliipokea bila kusita nchi inayoelea angani katika Kusadikika (1951), na ndugu waliogeuzwa manyani katika Adili na Nduguze (1952). Hadhira ya ngano imeyazoea hayo tangu jadi. Hata Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, inayomrusha Dzombo hadi sayari ya mbali, haimpotezi: jina la sayari lenyewe, ‘wale ni sisi’, linafichua fumbo.

Anachokikosa msomaji kwa Kezilahabi ni mkono wa msimulizi. ‘Mimi’ anayesimulia yumo safarini asijue aendako, na tukio halizai tukio. Wanaouliza iwapo hizi ni riwaya kweli wanaupima msuko kwa kipimo cha Rosa Mistika (1971). Kusingizia fantasia, basi, kumewaondolea baadhi ya wahakiki kazi iliyo ngumu zaidi: kueleza jinsi taswira zinazojirudia zinavyoshika nafasi ya kisa.