Fundi wa Kimya

Kabla ya kugusa chochote, fundi alitoka nje akamwomba mama muuza maandazi apunguze redio yake, kisha akarudi akafunga mlango. Akaunganisha ampli na betri bila kuweka wimbo wowote. Akakaa. Nami nikakaa. Ndani ya spika kulikuwa na mluzi mwembamba, kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua, ukipanda taratibu, ukishuka, ukipanda tena.

Mzigo ule niliuleta mimi kwa niaba ya kwaya yetu hapa Butembo, na nilikuwa nimekwisha kuwatangazia wenzangu kwamba spika zimekufa. Papa fundi hakuzitazama hata mara moja. Alinyoosha kidole kwenye bodi tatu za ampli zilizopangwa kwenye kasha la mbao.

"Hawa wanagombana," alisema.

Ampli za zamani hazikuwa na ugomvi huu. Zilikuwa nzito, zilichemka hadi mtu akaweza kupasha chai juu yake, na kosa lake kubwa lilikuwa kunguruma. Lakini mji huu umekua miaka mingi kwa grupu, yaani jenereta, na betri, na betri haina huruma kwa mashine inayogeuza umeme kuwa joto. Basi tukazipokea kwa furaha chipu ndogo zinazokata sauti vipande vipande kwa kasi kubwa na kuiunganisha upya mlangoni pa spika. TPA3116 ya Texas Instruments, ambayo mafundi wetu wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao, hutoa wati 50 kila upande kwa volti 21 tu, na hukata sauti mara 400,000 au zaidi kwa sekunde. Hakuna sikio la binadamu linalofika huko.

Shida huanza zinapokuwa mbili au tatu juu ya betri moja. Kila moja ina saa yake ndani. Moja ikipiga mara 400,000 na jirani yake mara 401,200, zile 1,200 za tofauti hupenya kwenye nyaya za pamoja zikawa sauti. Ndiyo mbu wetu. Na kwa kuwa saa hubadilika kadiri chipu zinavyopata joto, mbu hupanda na kushuka.

Haya nayaeleza leo kwa ujasiri, lakini siku ile sikuelewa neno. Fundi aliliona hilo usoni pangu. Alishusha gitaa lililoning'inia ukutani, la nyuzi zilizoshika kutu, akabana uzi mnene kwenye kituo cha tano na kuupiga pamoja na uzi unaofuata. Sauti ikayumba: wau, wau, wau. "Usisikilize nyuzi, mwana wangu. Sikiliza kilicho katikati." Akazungusha ufunguo kidogo sana. Wau ikawa ndefu, ikawa ya uvivu, ikawa pumzi. Halafu ikakoma, na nyuzi mbili zikawa kitu kimoja. Nimeimba kwaya tangu utotoni, nikasikia maestro wetu akiwagombeza besi kwa miaka, na sikuwahi kujua kwamba alichokuwa akikitafuta ni kule kukoma.

Dawa yenyewe ilikuwa waya mmoja. Chipu ile ina mguu wa kutolea mapigo ya saa yake au kupokea ya mwenzake, ila bodi za bei rahisi zinazotoka Guangzhou na kutufikia kupitia Mombasa, Kampala na Kasindi mara nyingi hazikuuachia mguu huo njia. Miguu ni 32, na kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine ni milimita 0.65. Fundi aliinamisha taa, akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akachomoa unywele wa shaba kutoka kebo kuukuu ya simu. Alishusha ncha ya chuma cha kulehemu huku ameshikilia pumzi. Kisha akabadilisha rezista kwenye bodi mbili ili ziache kupiga saa zake na kufuata ya tatu. Vitabu vya kiwanda viliziita bwana na mtumwa, yeye alikataa. Aliita ile ya kwanza mwimbishaji. Waya wa saa aliusokota pamoja na wa ardhi, mfupi kadiri ulivyoweza.

Akawasha. Mbu hayupo. Akabaki akisikiliza kimya kile kwa muda mrefu, kama mtu anayeonja chumvi, hata nikaona haya kuuliza bei.

Wenzetu wa Kinshasa dunia imewasifu. Bendi ya Konono No. 1 ya Mawangu Mingiedi ilikuza sauti ya likembe kwa maikrofoni zilizoundwa na sumaku za magari mabovu, na albamu ya Congotronics ya mwaka 2004 ikafika Ulaya, mikwaruzo ikiwa sehemu ya uzuri wake. Nawapenda. Lakini nani atatunga albamu ya fundi ambaye kazi yake ikifanikiwa haisikiki?

Siku hizi chombo kikilia mluzi tunaongeza sauti hadi mluzi uzame, au tunanunua kingine. Kibandani pa Papa zinauzwa chaja na vifuniko vya simu. Mwanafunzi wake anaendesha pikipiki. Kasha la mbao liko stoo ya kanisa, chini ya viti vilivyovunjika. Kwaya imenunua masanduku mawili ya magurudumu yenye taa za rangi. Moja hupokea sauti kwa waya, lingine kwa bluetooth, na hili la pili huchelewa kidogo. Jumapili iliyopita nilikaa benchi la katikati. Mchungaji alifunga sala, na Amina ikanifikia mara mbili, moja sikio la kulia, moja la kushoto. Nikageuka kutazama wenzangu. Walikuwa wameshaanza kupiga makofi.