Othello na Jeraha la Jina

Aghalabu tamthilia ya Othello, iliyoonyeshwa mbele ya Mfalme wa Uingereza mwaka 1604, huhesabiwa kuwa kisa cha wivu. Hesabu hiyo si ya makosa. Lakini wivu una aina zake. Upo wa mtu anayechelea kumpoteza ampendaye, na upo wa mtu anayechelea kuchekwa. Wa kwanza humtazama mpenzi. Wa pili hujitazama machoni pa watu. Kinachomwangamiza Othello zaidi ni huo wa pili.

Ushahidi umo katika onyesho la tatu la tendo la tatu. Iago amekwisha kumtilia sumu juu ya Desdemona na Cassio. Msomaji angetaraji mume amlilie mke. Kumbe Othello anayaaga majeshi, farasi, ngoma na bendera, kana kwamba ni uaskari wake uliozini. Kabla ya hapo amekwisha kuitaja rangi yake, umri wake, na ulimi wake usiojua maneno laini ya waungwana. Ni mgeni aliyepanda cheo kwa upanga, na heshima yake Venisi ni ya kuazimwa. Nguo ya kuazima haisitiri.

Katika onyesho lilo hilo pana neno linalomtia mfasiri mashakani. Chapa ya mwaka 1622 hainalo. Katika chapa ya mwaka 1623, Othello anasema kuwa jina lake mwenyewe, lililokuwa safi, limekuwa jeusi kama uso wake. Chapa ya mwaka 1630 ikageuza kimilikishi, jina lililochafuka likawa la Desdemona. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua: "jina langu" au "jina lake". La kwanza ndilo linaloafikiana na mwenendo wa mhusika huyu, na ndilo linalotisha zaidi, kwani dharau ya Venisi imekwisha kumwingia hata anaufanya uso wake kuwa kipimo cha uchafu.

Kwa kuwa jeraha lilikuwa la jina, ukweli haukuweza kulitibu. Ndiyo maana leso moja, na ndoto ya Cassio iliyosimuliwa na Iago peke yake, zilitosha kuwa ushahidi, ilhali kiapo cha Emilia, aliyemhudumia Desdemona, kilitupwa. Desdemona anauliza amekosa na nani, wala hajibiwi. Analisikia jina la Cassio kitandani pa mauti, wakati mumewe anaamini kuwa Cassio ameshauawa. Shahidi ameondolewa kwanza, ndipo mshitakiwa akasomewa mashitaka.

Mwaka 1927 T. S. Eliot aliona kwamba katika hotuba yake ya mwisho Othello anajiliwaza. Hukumu hiyo ni kali, maana Othello anajihukumu pia, na kujiua kama alivyomuua adui wa Venisi kule Aleppo. Hata hivyo, anaanza kwa kukumbusha utumishi wake kwa dola, kisha anaagiza namna habari zake zitakavyoandikwa. Desdemona, naye akikata roho, alipoulizwa nani kamuua, alijibu kuwa si mtu ila yeye mwenyewe. Pumzi yake ya mwisho aliitumia kulisitiri jina la mumewe, jina lile lile alilouawa kwa ajili yake.