Mwambie Aseme "Tabaka"

Bamba la kuziba kaakaa lililopasuka, watu wengi hulihukumu kwa macho: meno meupe, yamejipanga, basi kazi safi. Mimi meno huyaangalia mwisho. Anayelivaa ni mtu aliyebaki na tundu baada ya upasuaji, au aliyekua bila kushonwa kabisa. (Habari ya mtoto mchanga ni nyingine. Kaakaa kwa kawaida hushonwa kabla hajapita miezi 18, na shirika la Smile Train hufadhili upasuaji huo nchini Kenya.) Kazi ya bamba ni kutenga kinywa na pua, na anayejua kama vimetengana ni sikio.

Usimpime kwa kumwuliza kwao ni wapi, akajibu "Nyamira". Jina hilo limejaa ny na m, sauti zinazopita puani hata kwangu na kwako, kwa hiyo halifichui kitu. Mwambie aseme "Tabaka", kisha "Kisii". Hewa ikivuja, t huegemea n, b huegemea m, k huegemea ng', na mchongaji wa mawe wa Tabaka akawa karibu mtu wa Namanga. Mwekee kioo baridi chini ya pua anapoivuta s ya "Kisii". Kikiingia ukungu, pana mwanya.

Sasa aseme "nyanya". Safari hii ukungu lazima uonekane. Usipoonekana, kizibo kinachoelekea kooni kimezidi ukubwa, na mwenyewe ataongea kama mwenye mafua na kulala kwa taabu. Jaribio hili la pili ndilo linalotenga fundi na fundi. Kujaza tundu hadi pomoni hakuhitaji ujuzi.

Mpe na uji wa wimbi. Anywe akiwa ameinama kidogo, na uji usitokee puani. Chai aanze nayo polepole, maana kaakaa lililofunikwa halisikii moto upesi.

Ndipo ulishike bamba mkononi. Upande wa ulimi uteleze kama jiwe la Tabaka lililopigwa msasa kwa maji, lakini upande unaokaa kwenye nyama ubaki na alama zote za kipimo. Fundi aliyeung'arisha huo ameharibu umbo lililoletwa na plasta. Lielekeze dirishani. Ukiona vidoti vyeupe ndani ya akriliki, ilipikwa kwa pupa. Majimaji yake huchemka kwenye nyuzi 100 hivi, kwa hiyo moto ukipandishwa haraka hutokota kabla hayajaganda na kuacha viputo. Mwenye subira huiacha kwenye maji ya nyuzi 74 hivi kwa saa 8 au zaidi. Penye viputo hujificha harufu, na hapo ndipo bamba hupasukia. Kizibo kikubwa kiwe na uwazi ndani, kwani uzito wote unaning'inia.

Unaning'inia kwenye nini? Kwenye meno ya asili, yanayoshikwa na vibanio vya waya. Kinywa cha mpasuko mara nyingi meno yake yamepinda, na jino la pembeni ya ufa huenda halipo kabisa. Hata yaliyopinda ni nguzo. Ukisikia meno mazima yang'olewe ili "kupata nafasi", tafuta maoni ya daktari mwingine, hata kama ni safari ya Nairobi.

Tazama pia kipimo kinavyochukuliwa. Anayejua kazi huziba kwanza tundu kwa kipande cha shashi kilichofungwa uzi, ili uji wa kupimia usipande puani ukaganda humo.

Rangi ya meno ichaguliwe kwa mwanga wa mchana. Inatosha.

La mwisho ni tarehe. Bamba jipya huchubua, kwa hiyo siku moja au mbili baadaye mvaaji anatakiwa arudi likwanguliwe panapouma. Kwa mtoto, tarehe hizo haziishi mpaka taya likomae: la miaka 7 halitamkaa akiwa na 10. Uliza bei ya bamba, halafu uliza kama marudio hayo yamo ndani yake.