Makarani wa Uchaguzi wa Lowell

Ofisi ya uchaguzi na sensa ya Lowell, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, huhudumia jiji lililozaliwa na viwanda vya nguo katika miaka ya 1820, kando ya mto Merrimack. Viwanda vilipofungwa au kuhamia kusini, kazi zilikauka. Kuanzia miaka ya 1980 wakaja maelfu ya wakimbizi wa Kambodia. Hata hivyo, madiwani wote tisa waliendelea kuchaguliwa na jiji zima, na kura za jamii za wachache zikamezwa. Kesi ya kupinga mfumo huo, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2019, na uchaguzi wa 2021 ukafanyika kwa kata nane na viti vitatu vya jiji zima.

Mzigo wa mabadiliko hayo uliwaangukia makarani. Kila mwaka hutuma fomu za sensa majumbani, na anayehama hurekebishiwa kata yake. Saini za wanaomdhamini mgombea hukaguliwa moja moja kwa daftari la wapiga kura. Ugumu hasa uko kwenye karatasi za kura, zinazotolewa kwa Kiingereza, Kihispania na Kikhmer. Maandishi ya Kikhmer hayaachi nafasi kati ya maneno. Mstari ukikatwa pasipostahili, neno hupasuka vipande viwili, na asiyeijua lugha hiyo haoni kosa. Lazima anayesoma Kikhmer aipitie nakala kabla ya kuchapwa.

Haki iliyopiganiwa mahakamani ilimfikia mpiga kura kwa mikono ya makarani hawa. Wanastahili kushukuriwa waziwazi.