Kugawa Maji kwa Kivuli

Kwenye kiwanja cha udongo kilichosawazishwa, karibu na shamba la mitende, umechomekwa mti mmoja mkavu. Pembeni yake vimepangwa vijiwe. Mgeni atadhani ni mabaki ya zizi la mbuzi. Kumbe ni saa. Kivuli cha mti kikitoka jiwe hili kufika lile, nusu saa imepita na zamu ya mtu imekwisha. Mwenzake ameshachutama mferejini, ananyanyua jiwe lililofungwa matambara lililoziba njia ya kuendea kwake.

Nusu saa hiyo, huko Oman ya ndani, huitwa athar. Sisi tunalo neno hilo hilo, athari, lile la alama inayobaki jambo likishapita, na mimi huona limekaa mahali pake: kivuli kimepita, kimeacha alama, alama imekuwa mali. Athar 24 ni badda moja, yaani nusu ya siku. Mtu wa huko hasemi ana maji kiasi gani. Husema ana athar mbili, au moja na robo aliyorithi kwa mama yake.

Maji yenyewe hutoka mbali. Mafundi huchimba kisima mama chini ya mlima, pale palipo na maji ardhini, kisha hutoboa handaki kuelekea kijijini. Kila baada ya hatua kadhaa huacha tundu la kutolea udongo na kuingizia hewa. Handaki sharti liiname, lakini kidogo mno. Likizidi mwinamo, maji hula kuta. Likipungua, mchanga hutuama. Na likikutana na korongo la mafuriko, fundi hayazungushi maji. Huyatumbukiza katika shimo upande huu, huyapitisha chini ya korongo, nayo hupanda yenyewe katika shimo la upande wa pili, maana upande wa kuingilia uko juu kidogo kuliko wa kutokea. Kabila la Awamir limejulikana kwa ufundi huu kwa karne nyingi. Mfereji wa namna hii huitwa falaji. Hesabu ya serikali ya mwaka 1997 na 1998 ilikuta falaji 4,112, na 3,017 kati yake zilikuwa bado zinatiririsha maji.

Kuchimba ni kazi ya kustaajabisha, lakini kinachonivuta mimi ni kugawa.

Mahali falaji inapochomoza juu ya ardhi ni pa kuteka maji ya kunywa, na hapo hakuna athar wala mwenyewe: tajiri, maskini na mpita njia wote huteka. Chini yake huja msikiti, halafu mabafu ya wanaume na ya wanawake, na chumba cha kuoshea maiti. Mashamba hufuata baada ya hayo yote, na kati ya mashamba mtende hutangulia. Mwishoni kabisa kuna viwanja vya mazao ya msimu, ngano, vitunguu na majani ya mifugo. Mwaka wa ukame viwanja hivyo huachwa vikauke, kwa sababu kitunguu hupandwa tena mwakani, lakini mtende ukifa umekwenda na jasho la babu.

Sasa tazama hila ya kupima kwa wakati. Lau kila mtu angekuwa na haki ya ndoo mia, mwaka wa ukame ndoo zisingetosha, na wa mkiani mwa mfereji angekosa zote. Lakini haki ni nusu saa. Maji yakipungua, nusu saa ya kila mmoja hupungukiwa kwa kadiri ile ile, na hakuna baraza litakalokaa kuamua nani akatwe. Shida imegawanywa kabla haijafika.

Wasimamizi wa falaji wana majina tusiyohitaji kutafsiriwa. Yuko wakili, lakini si wa mahakamani. Huyu ndiye msimamizi wa falaji nzima. Chini yake yuko arif, anayelinda zamu na kuijua ya kila mtu kwa moyo. Yuko mtunza fedha, na yuko dalali. Falaji yenyewe humiliki athar zake, na msikiti huwa na zake za wakfu. Dalali huzinadi kwa asiye na za kutosha, na fedha hizo hulipia kuzibua handaki. Ugomvi huanzia kwa arif, ukimshinda huenda kwa wakili, kisha kwa shehe. Nisiupambe mpango huu kupita kiasi. Kibarua asiye na shamba wala athar hunywa na kuoga kama wenzake, ila hamwagilii kitu.

Hata hivyo mpango huu umewabeba mahasimu. Falaji ya Malki, mojawapo ya tano zilizoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, iko Izki, mji wenye mitaa miwili ya kale iliyopakana, Nizar na Yaman. Ni majina ya pande mbili za Waarabu zilizohasimiana vizazi kwa vizazi. Msikiti unaweza kuuhama ukitofautiana na jirani, mfereji huuhami.

Sisi wa pwani tuna jamaa katika habari hii. Imamu Seif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi, ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698, kwao anakumbukwa pia kwa falaji alizozifufua na mitende aliyoipanda. Mombasa tunahadithiana mizinga tu.

Usiku kivuli hakuna. Hapo arif husoma nyota, kila moja kwa jina lake, zikichomoza juu ya kilima au ukingo wa ukuta uliokubaliwa tangu zamani. Ikitokea hii, anafungua fulani. Ikitokea ile, anafunga. Tatizo ni kwamba nyota hazikupangwa angani kwa vipimo sawa. Kati ya hii na ile pengine pana nusu saa, pengine zaidi, pengine pungufu, na anayeangukia pengo fupi amepunjwa na mbingu.

Wazee hawakuzigusa nyota. Katika vijiji vingine walipanga mzunguko uwe na idadi ya badda isiyogawanyika kwa mbili, hivyo aliyemwagilia usiku safari hii, safari ijayo zamu yake huangukia mchana, mbele ya ule mti mkavu na vijiwe vyake.